Ateri huugua ukutani kabla ya kuziba njia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie kukakamaa kwa ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Karibu kila ugonjwa huu unapoelezwa gazetini, redioni au kwenye ujumbe wa simu, huchorwa vile vile: bomba la maji lililojaa tope. Mchoro huo unaeleweka upesi, ndiyo maana umeenea. Lakini umewapotosha watu kwa njia mbili. Unawafanya waamini kwamba kama hawaumwi kifua basi bomba liko wazi na ugonjwa haupo. Na unawafungulia mlango wauza dawa za "kuzibua mishipa", maana penye tope mtu atatafuta cha kulisukuma.

Ukuta wa ateri ni nyama hai yenye matabaka matatu. La ndani kabisa, linaloguswa na damu, limefunikwa na utando wa seli zilizopangwa safu moja tu, kama vigae sakafuni. La kati lina misuli na nyuzi zinazovutika, na ndilo linaloufanya mshipa utanuke moyo unapopiga na kurudi unapotulia. La nje huushikilia mshipa mahali pake. Ugonjwa huanzia chini ya ule utando, ndani ya ukuta wenyewe. Anayetaka mfano afikirie jipu chini ya ngozi.

Jipu hilo huota hivi. Mafuta hayachanganyiki na damu, kwa hiyo mwili huyasafirisha yakiwa yamefungwa ndani ya chembechembe zenye protini kwenye ganda lake. Zile zinazobeba sehemu kubwa ya lehemu (kolesteroli) huitwa LDL, na ni ndogo kiasi cha kuweza kupenya utando. Zikiwa nyingi kwenye damu kwa miaka mingi, nyingi hupenya, na baadhi hunaswa humo na kuharibika. Mwili huziona kama takataka, hutuma seli nyeupe kuzila. Seli hizo hula mpaka zinavimba, zinajaa matone ya mafuta kama povu, zinafia humo humo. Zinazofuata hula mabaki, nazo zinakufa. Baada ya muda panabaki rojo la mafuta na seli zilizooza, na misuli ya tabaka la kati hutambaa kuja juu kulijengea kifuniko cha nyuzi ngumu. Chokaa nayo hutua taratibu. Kitu kizima huitwa plaki. Jina la kitabibu la ugonjwa, atherosklerosisi, lilitolewa na Mjerumani Felix Marchand mwaka 1904, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la uji na lile la ugumu, na ukiipasua plaki ndivyo unavyoikuta: uji ndani, ugumu juu.

Plaki hupenda njia panda. Ateri inapogawanyika, damu haiendi moja kwa moja bali huzunguka-zunguka kama maji kwenye kona ya mto, na hapo utando hudhoofika. Ndiyo maana tunaikuta shingoni ateri inapojigawa kwenda usoni na kwenye ubongo, mwanzoni mwa ateri za moyo, tumboni chini ya figo, na kwenye nyonga na mapaja. Presha ya juu, moshi wa sigara na sukari nyingi kwenye damu huuchubua utando huo huo. LDL ni mzigo unaoingia. Hivi vingine ni vinavyouacha mlango wazi.

Nayo haianzi uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokiona walipochunguza mioyo ya askari 300 waliouawa vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na katika zaidi ya robo tatu yao dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo zilionekana kwa macho. Wala si ugonjwa wa maisha ya kisasa peke yake: mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya kupiga picha za CT maiti 137 zilizokaushwa za watu wa kale wa Misri, Peru na sehemu mbili za Amerika Kaskazini, na karibu theluthi moja zilikuwa na chokaa kwenye ateri au pale ateri zilipopaswa kuwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mchoro wa bomba hauwezi kulieleza. Plaki inapokua, ateri haikai kuzibwa. Hutanuka kwa nje ili njia ya damu ibaki na upana wake. Kazi ya Seymour Glagov na wenzake mwaka 1987 ilionyesha kwamba njia ya ateri ya moyo huanza kupungua pale tu plaki inapofika takriban asilimia 40 ya eneo lililozungukwa na tabaka la kati. Kabla ya hapo ukuta ni mgonjwa, njia ni pana, na mwenye nao anapanda ngazi bila kuhema. Kisha siku moja kifuniko chembamba kinachanika. Rojo linagusana na damu, chembe za kugandisha damu zinakimbilia pale kama zinavyokimbilia jeraha lolote, na ndani ya dakika chache bonge la damu limejaza mshipa ambao asubuhi ulikuwa ukipitisha damu vizuri. Likitokea moyoni ni mshtuko wa moyo, likitokea kwenye ateri ya kwenda kwenye ubongo ni kiharusi. Plaki nyingi zinazoleta mshtuko hazikuwa zimebana njia kiasi cha kumpa mtu maumivu hata mara moja.

Hapo ndipo utaelewa ile kauli ya msibani: "Alipimwa moyo wiki iliyopita, wakamwambia mzima." Huenda kila mtu alisema kweli. Kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala husoma hali ya moyo kwa dakika ile, hakioni ukuta wa ateri. Kipimo cha kutembea kwenye mashine hugundua damu isipotosha, na kwa kawaida hiyo huhitaji njia iwe imezibwa kiasi cha asilimia 70. Vyote viwili ni vipimo vizuri kwa kazi yake. Ila anayevitumia kujihakikishia kwamba mishipa yake ni misafi ameuliza swali moja akajibiwa lingine.

Cha kupima mapema ni vile vinavyojenga plaki, na orodha yenyewe ni fupi: presha, mafuta kwenye damu, sukari. Tuanze na presha kwa kuwa ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote. Mtu anaingia akihema, anakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, na huku anaulizwa maswali. Namba inayopatikana hapo ni ya kubahatisha. Kwa nusu saa kabla ya kupima, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haikupishana. Mkono uwe wazi na uegemezwe mezani, katikati ya mkanda ikiwa usawa wa moyo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko, na kidole kimoja au viwili viweze kupita chini yake. Mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya unene wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu ambayo haipo, na mtu anaanzishiwa dawa bure. Pima mara mbili ukipisha dakika moja, chukua wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea kwa siku kadhaa ni presha ya juu; kwenye kituo cha afya kiwango ni 140/90.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10 hadi 15 kila ukirudia, huenda ateri ya mkono wenye namba ndogo imebanwa, na kwingine pia pakaguliwe. Kuanzia hapo tumia daima mkono wenye namba kubwa.

Kuna namba nyingine ambayo wazee wengi hufurahia kwa makosa. Mtu anapata 165/70 na anaambiwa, au anajiambia, kwamba "ya chini ni nzuri". Ateri laini hutanuka kupokea pigo la moyo, kisha hurudi taratibu na kuendelea kusukuma damu moyo unapopumzika; hiyo ndiyo inayoishikilia namba ya chini isishuke sana. Ateri iliyokakamaa haitanuki, kwa hiyo ya juu inaruka, na haina cha kurudisha, kwa hiyo ya chini inaanguka. Pengo la zaidi ya 60 kati ya namba hizo mbili kwa mtu mzima wa makamo au mzee ni ukakamavu wenyewe unaoandikwa kwenye kioo cha mashine.

Kwenye mafuta ya damu, usikubali kupewa namba moja tu ya lehemu yote. Omba karatasi nzima. Tuseme imeandikwa lehemu yote 5.6, HDL (lehemu iliyo kwenye chembechembe zinazoirudisha kwenye ini) 1.1, na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.0, zote kwa milimoli kwa lita. Toa HDL kwenye lehemu yote: 4.5. Hiyo ni lehemu yote inayoweza kuingia ukutani, na haihitaji ufunge kula. Kupata LDL kwa hesabu, gawa trigliseridi kwa 2.2, unapata 0.9, kisha itoe kwenye 4.5: LDL ni 3.6. Trigliseridi zikizidi 4.5 hesabu hii haifai, maabara ipime LDL moja kwa moja. Karatasi ikiwa ya miligramu kwa desilita, gawa lehemu kwa 38.67 upate milimoli. Tumeona watu wakilinganisha majibu ya maabara mbili zenye vipimo tofauti na kudhani wamepona au wamezidiwa.

Mtego mkubwa uko kwenye safu ya "kiwango cha kawaida" pembeni mwa karatasi. Safu hiyo imechapwa kwa ajili ya kila mtu, wala haijui wewe ni nani. Kwa mtu asiye na tatizo lingine, LDL chini ya 2.6 inatosha. Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi cha damu kuganda au kuwekewa stenti (kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa uwe wazi), mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka ishuke chini ya 1.4, na iwe imepungua kwa nusu au zaidi. Mgonjwa wa namna hiyo mwenye LDL ya 2.5 atasoma "kawaida" na kurudi nyumbani akiwa na furaha, wakati bado yuko mbali. Na LDL ya 4.9 au zaidi bila sababu nyingine imfanye daktari afikirie lehemu ya kurithi, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 250. Hao huzaliwa na mzigo, wengine huota vinundu kwenye kano za kisigino na vidole. Akipatikana mmoja, wazazi, ndugu na watoto wapimwe. Mara moja maishani ipimwe pia chembechembe iitwayo lipoprotini (a), ambayo nayo ni ya kurithi. Miligramu 50 kwa desilita au zaidi inaongeza hatari hata LDL ikiwa nzuri.

Sukari tusiizungumzie sana, inajulikana: kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikifika asilimia 6.5 ni kisukari, kati ya 5.7 na 6.4 ni onyo.

Kwa miguu kuna kipimo rahisi ambacho kingestahili kuwa kwenye kila kituo. Kinahitaji mkanda wa presha na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti, Dopla, kinachosikilizisha damu inavyopita. Mgonjwa alale chali dakika 10. Pima namba ya juu kwenye mikono yote miwili. Kisha funga mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, tafuta sauti ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, pandisha mpaka sauti ipotee, shusha polepole mpaka irudi. Andika hapo iliporudi. Chukua kubwa ya mguu, gawa kwa kubwa ya mikono. Mguu 108, mkono 144: jibu ni 0.75. Kati ya 1.0 na 1.4 ni salama, 0.90 kushuka chini, ateri za mguu huo ni gonjwa, na ni nadra za moyo kuwa zimesalimika. Jibu likizidi 1.40 msishangilie. Maana yake mara nyingi ni kwamba ukuta umejaa chokaa kiasi kwamba mkanda hauwezi kuuminya, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu na ugonjwa wa figo. Hao wapimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Picha ya CT ya chokaa kwenye ateri za moyo ina faida kwa mtu wa makamo asiye na dalili ambaye yeye na daktari wake hawajaamua kuhusu dawa. Alama ya chokaa ikiwa sifuri inatuliza, ila picha haioni plaki laini isiyo na chokaa; 100 na kuendelea ni sababu nzuri ya kuanza dawa; 400 na kuendelea ni ugonjwa mwingi. Usiirudie kila mwaka kuona kama dawa inafanya kazi. Statini, dawa za kushusha LDL, hufanya plaki iwe ngumu na tulivu zaidi, kwa hiyo namba inaweza kupanda huku hatari ikishuka.

Dalili zikija, ziwe na heshima yake. Kifua kinachobana unapotembea haraka na kuachia ndani ya dakika chache ukisimama. Shavu la mguu linalouma baada ya umbali ule ule kila siku, likapoa ukisimama bila hata kukaa. Kwa mwanamume, uume kushindwa kusimama: ateri zake zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4, kwa hiyo zile ndogo huonyesha ugonjwa kwanza, na mara nyingi tatizo hilo hutangulia mshtuko wa moyo kwa miaka kadhaa. Anayekimbilia vidonge vya kificho ameficha onyo alilopewa bure. Kifua kikibana zaidi ya dakika chache ukiwa umepumzika, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hayo ni ya hospitali saa ile ile, hata kama yamepita yenyewe.

Kuzuia ni kupunguza mzigo kwa miaka mingi. Kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Namba ya juu ya presha ikishushwa kwa 10, upungufu ni karibu huo huo. Sigara iachwe yote. Mtu wa sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20, kwa hiyo "nimepunguza" haimwokoi kama anavyodhani. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya kiwandani. Pakiti ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Mafuta yanayoganda yasizidi gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000, nafasi yake ichukuliwe na mafuta ya maji ya mimea, jamii ya kunde, karanga na samaki. Kuyaondoa na kuweka sukari na unga mweupe hakusaidii kitu. Tembea dakika 150 kwa wiki au zaidi kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mwenye mguu unaouma naye atembee: mpaka maumivu yawe makali kiasi, asimame yaishe, aendelee, nusu saa hadi saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 angalau. Umbali huongezeka kwelikweli.

Statini zilianzia kwenye kuvu lililochunguzwa na Mjapani Akira Endo miaka ya 1970, na ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Kosa la kwanza tunaloliona ni mtu kuacha dawa namba ikishuka. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa. Kosa la pili ni kuongeza dozi bila kikomo: kila ukiizidisha mara mbili unapata takriban asilimia 6 tu zaidi, kwa hiyo mara nyingi ni bora kuongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha LDL. Pima tena baada ya wiki 4 hadi 12. Simvastatini imezwe jioni, atorvastatini saa yoyote. Misuli ikiuma, mwambie daktari kabla ya kuacha, kwani mara nyingi aina nyingine au dozi ndogo huvumilika. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nenda siku hiyo hiyo. Anayepanga mimba aseme mapema. Aspirini ya kila siku ni ya wenye ugonjwa tayari na waliopewa na daktari. Kwa mtu mzima asiye na historia hiyo, kutoka damu tumboni au kwenye ubongo huweza kuzidi faida.

Na dawa za kuzibua? Plaki iko chini ya utando, imefunikwa, imejengewa na misuli ya mshipa wenyewe. Hakuna kinywaji kinachopita kwenye damu na kuikwangua, na kingekuwapo kingechana kile kifuniko tunachoomba kisichanike. LDL ikishushwa sana kwa dawa zilizothibitishwa, rojo hupungua kidogo na kifuniko hunenepa. Ndivyo plaki inavyotulizwa.

Ombi letu kwa dawati la afya la gazeti hili ni dogo. Mtakapochora tena ateri, ichorwe imekatwa kipande kama gogo, ukuta uonekane na matabaka yake matatu, plaki ikiwa chini ya utando na njia ya damu ikiwa bado pana. Na chini ya mchoro ziandikwe namba ambazo msomaji ataenda kuzidai kituoni: presha ya mikono yote miwili, LDL, sukari ya miezi mitatu.

Wasomaji wenu,
wahudumu wa kliniki ya moyo na mishipa